Nyumba Sitini na Tatu za Mbodze

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia, na asiyebisha akasemwa mwaka mzima, paliishi sange mmoja jina lake Mbodze.

Sange mnamjua? Msinitazame hivyo, kama hamumjui semeni, si dhambi. Ni mnyama mdogo, urefu wake kama kiatu cha mtu mzima. Pua ndefu kama mrija, miguu myembamba kama njiti, na makalio ya rangi ya dhahabu, utadhani aliwahi kulikalia jua likamwachia alama. Na mbio zake, toba! Ukisema "yule pale," hayupo.

Mbodze na mumewe Ruwa waliishi katika kichaka kilichoitwa Chakachaka. Kiliitwa hivyo kwa sababu ya majani makavu yaliyolala chini, tabaka juu ya tabaka, na ukiyakanyaga yanalia: chaka! chaka! chaka! Chini ya majani hayo ndiko kulikokuwa na mchwa, buibui, na vijidudu vyote vitamu. Ondoa majani makavu, umeondoa sahani ya sange mezani.

Na sange wenyewe walikuwa wamebaki tisa. Sisemi tisa wa mtaa ule. Tisa bonde zima, na nje ya bonde hakuna aliyewahi kumsikia mwingine.

Lakini tisa hao walikuwa na nyumba sitini na tatu! Ndiyo, mmesikia vizuri. Kila sange alijenga nyumba saba za majani, leo akalala hii, kesho ile, keshokutwa nyingine, ili nyoka akija kuulizia asipate jibu. Mke na zake saba, mume na zake saba. Ndiyo maana Mbodze na Ruwa hawakuwahi kugombania shuka.

Mambo mengine waliyagombania. Mbodze alikuwa na hasira za karibu. Ruwa alikuwa mpole, maneno yake yalitoka moja moja kama matone ya bomba bovu. Akianza kusema "leo asubuhi", Mbodze alikwishamaliza kazi za mchana.

Basi siku moja Mzee Ndovu akaita baraza kule chumvini, mahali wanyama wanapolamba udongo wa chumvi. Aliyeomba baraza ni Nyati. Alitaka barabara kutoka mtoni hadi chumvini, na haja yake ilikuwa ya kweli, tusimwonee. Ndama walikuwa wakizunguka kilima siku mbili kutafuta chumvi, wengine wanafika wakiwa mifupa. Pundamilia naye alilia hivyohivyo, na swala vilevile.

"Nataka barabara iliyonyooka!" Nyati akanguruma. "Pana! Yenye kivuli! Tunapita katikati ya Chakachaka, fya! fya! fya! tunafyeka, kwisha!"

Mbodze akaruka kutoka kwenye kisiki alichokalia. "Katikati ya nini?"

"Tulia, binti," akasema Mzee Ndovu. "Mpango huu una masharti matatu, nitayasoma yote. La kwanza: barabara itajengwa, maana chumvi ni ya wote. La pili: atakayebomoa nyumba ya mwenzake, amjengee kwanza nyingine, kwa kwato zake na mdomo wake mwenyewe, na mwenye nyumba aseme 'nimeridhika.'"

"Haa!" Mbodze akapiga mkia chini, pa! "Umesikia, Nyati? Tuna nyumba sitini na tatu mle! Utajenga mpaka pembe zidondoke!"

"Nyumba tupu si nyumba!" Nyati akafoka. "Mzee Ndovu, nyumba ni mwenyewe kuwemo! La sivyo hata mimi nitasema kila kivuli ni sebule yangu!"

Ndovu akafikiri. Akipepea masikio hivi, fuu, fuu, jueni anafikiri. "Ni haki. Kesho Ngiri atapita na kubisha hodi kila mlango. Panapoitika mtu, ahesabu nyumba moja na kichwa kimoja. Sasa, sharti la tatu..."

Mbodze hakungoja. Chaka-chaka-chaka! Alishafika nyumbani kabla Ndovu hajafunga mdomo, akizunguka kisiki na kusema peke yake: "Nyumba tisa! Akihesabu tisa tu, Nyati atazijenga kabla ya kunywa uji, kisha anatufyeka! Tisa hazimtishi mtu. Sitini na tatu ndizo zitamtisha. Sitini na tatu zinataka watu sitini na watatu. Watu sitini na watatu nitawatoa wapi?"

Ruwa akafika baada ya muda mrefu, anahema. "Mke wangu, lile sharti la tatu..."

"Nyamaza, nahesabu!"

Wakati wa chakula Ruwa akajaribu tena. "Mama, Mzee Ndovu alisema kwamba sharti la..."

"Ruwa! Nimepata! Watu sitini na watatu ni mimi!"

"Ni wewe?"

"Mimi peke yangu! Ngiri anabisha mlango mmoja mmoja, siyo? Akibisha huu, niko huu. Akienda ule, napita chini ya majani, niko ule. Wewe utamtembeza, na utamtembeza kwa mwendo wako huohuo. Hii ndiyo siku aliyokuumbia Mungu, mume wangu!"

Wale sange wengine saba wakaambiwa wajifiche ndani ya gogo bovu na wasitoe hata pumzi. Mbodze hakuwaamini. Ukoo ule ulikuwa na ugonjwa wa kucheka.

Asubuhi Ngiri akaja. Lo, mpima ardhi huyo! Mkia umesimama wima kama mlingoti, kamba ya mkonge imezungushwa shingoni, na kapu la vijiti vya kuhesabia limening'inia kwenye jino lake refu. Kila akiitikiwa angetupa kijiti kimoja kwenye kapu la pili, alilobeba Ruwa.

"Mke wangu," Ruwa alinong'ona, "kabla hatujaanza, la tatu linasema..."

Lakini alikuwa akinong'onea jani. Mbodze hayupo.

"Hodi!" Ngiri akabisha nyumba ya kwanza.

"Karibu, mjukuu wangu, koho! koho! Usiingie lakini, utaangusha dari. Mimi ni bibi, miguu imekufa, yamebaki maneno."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nenda, nenda, nasinzia."

Kijiti, tap! Wakaenda nyumba ya pili, Ruwa mbele akitafuta pa kuweka kila mguu kama anayevuka mto.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti nyembamba, tamu kama asali. "Siwezi kutoka, mwenzio nipo fungate."

"Hongera. Bwana harusi yuko wapi?"

"Nyumba ya saba. Hatujaanza kuzoeana."

Tap! Ndani ya nyumba ya tatu kulikuwa na ugomvi mkali. "Nyamaza wewe!" "Nyamaza mwenyewe!" "Utanijua leo!" "Nikujue mara ngapi?"

Ngiri akainamisha sikio. "Humu wamo wawili?"

"Mmoja!" ikajibu sauti. "Nagombana na nafsi yangu!"

"Na nani anashinda?"

"Nafsi! Toka hapo, unaniaibisha!"

Tap! Wakaendelea hivyo, kumi, ishirini, thelathini. Mbodze aliitika kama mganga, kama mlevi, kama mwalimu wa watoto, kama mjane, kama mtu aliyeamshwa usingizini na hapendi. Kila nyumba na sauti yake. Chini ya majani alikuwa akipita kama moto, chakachakachaka, na kila alipopita Ngiri aligeuka.

"Kuna kitu kimepita! Nimeona makalio ya dhahabu!"

"Sisi sote tunayo, Bwana Ngiri," Ruwa akasema. Na huo haukuwa uongo.

Walipofika nyumba ya arobaini na tano Mbodze alikuwa hana pumzi. "Ka... hhh... karibu... hhh..."

"Mbona unahema?"

"Pumu... hhh... bwana mpima."

Nyumba ya arobaini na sita: "Hhh... karibu... hhh..."

"Na wewe?"

"Ni ya ukoo!"

Tap! Tap! Hamsini. Kisha Ngiri akabisha ya hamsini na moja, na hapakuitika mtu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi humu!"

Mbodze alikuwa amelala chali nyuma kule, nyumba ya hamsini, miguu minne juu, anatafuta roho yake ilipokwenda. Ngiri akaanza kukirudisha kijiti kapuni. Ruwa akamsogelea. Akakohoa. Akatafuta neno, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalipata haraka.

"Bwana Ngiri, samahani. Huo mkia wako, unasimamaje hivyo siku nzima? Wa kwangu unachoka."

Yallah! Ngiri akaweka kapu chini. "Ahaa! Hilo ni swali la mtu mwenye akili! Sikiliza. Mkia wa mpima si mkia, ni chombo. Baba yangu aliusimamisha tangu alfajiri hadi jioni, na babu yangu, huyo ndiye usiseme! Siku moja mvua ya mawe ilinyesha..."

Akasimulia mvua ya mawe. Akasimulia upepo wa kusi. Akasimulia shangazi yake aliyekuwa na mkia uliopinda na jinsi ukoo ulivyolificha jambo hilo. Ruwa akaitikia "ehe," "ala," "wacha bwana," mpaka ndani ya nyumba ya hamsini na moja sauti ikapaza:

"Nani hao wanapiga soga mlangoni kwangu tangu asubuhi? Hodi haziko siku hizi?"

Tap!

Jua lilipokaribia utosini, vijiti sitini na tatu vilikuwa kapuni. Ngiri akaondoka mkia juu, anaimba. Sange saba wakatoka kwenye gogo wakiwa wamevimba kwa kicheko, wakaanguka huku na huku, hihihi, hahaha. Mbodze alilala kifudifudi, ulimi nje, anatabasamu.

"Sasa naweza kulisema la tatu?" Ruwa akauliza.

"Niache nipumue, Ruwa! Tumeshinda!"

Kesho yake baraza likakaa. Ngiri akamwaga vijiti mbele ya Mzee Ndovu, prrraaa! "Sange sitini na watatu! Nyumba sitini na tatu, zote zina watu. Mimi sikosei, nimekagua kwa pua na kwa macho."

Mbodze akamtazama Nyati amwone anavyonywea. Nyati hakunywea. Kwanza alifumba macho, kisha mabega yakatikisika, kisha akaachia kicheko cha kupasua mawe.

"Mbwa-ha-ha-haa! Sitini na watatu! Jamani, nilikuwa nimekata tamaa! Jana sikula! Nilidhani hawa sange hawazidi kumi, kumbe ni jeshi! Mzee Ndovu, soma la tatu! Soma kwa sauti!"

Mzee Ndovu akasoma. "Sharti la tatu: kabila lisilofika vichwa ishirini, kichaka chao hakikatwi, hakifyekwi, hakipitiwi, mpaka waongezeke. Lakini ninyi mmeshaongezeka. Hongereni sana, wanangu."

Pua ya Mbodze ikalala. Ilikuwa pua ndefu, kwa hiyo ilichukua muda kulala yote. Akageuka polepole.

"Ruwa."

"Naam."

"La tatu ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

"Ulilijua?"

"Tangu juzi."

"Mbona hukuniambia!"

Ruwa akawaza, akihesabu moyoni. "Nilianza mara nne."

Mbodze akafungua mdomo aseme ukweli hapohapo, lakini Mzee Ndovu alikuwa anawatazama wote kwa jicho moja dogo. "Kuna mwenye shaka na hesabu? Maana aliyemdanganya mpima amelidanganya baraza, na mwongo wa baraza hana neno hapa mwaka mzima. Hasikilizwi akilia, hasikilizwi akicheka."

Mdomo ukafunga, kap! Akisema ukweli hasikilizwi. Akinyamaza wanafyekwa. Nyati alikuwa ameshaanza kunoa pembe kwenye jiwe, krii, krii.

"Kesho tunaanza!" akaimba. "Fya! Fya! Fya!"

Hapo hasira ya Mbodze ikapanda kutoka kwenye kwapa mpaka masikioni, na ilipofika masikioni ikageuka akili. Kwa wengine huwa hivyo.

"Anza!" akapaza. "Anza, kaka Nyati, nani amekuzuia? Sharti la pili liko palepale. Jenga kwanza, ndipo ubomoe. Nyumba sitini na tatu, na wenyewe waridhike."

"Vinyumba vya majani!" Nyati akatema mate. "Nitavijenga vyote kabla jua halijakaa sawa!"

"Haya. Sharti zifanane na zetu. Nyumba ya sange ni ile ambayo mpita njia haioni. Ikionekana, si nyumba, ni mwaliko wa nyoka. Si kweli, Mzee Ndovu?"

Fuu, fuu, masikio yakapepea. "Ni kweli. Mwenye nyumba lazima aridhike. Jenga, Nyati."

Wakaenda upande wa pili wa bonde, chini ya miti, ambako sange wangehamishiwa. Nyati akakusanya majani kwa pembe, akarundika, akarundika, akakanyaga juu kidogo. Mbodze alikuwa amekaa juu ya jiwe, amempa mgongo, anachambua mchwa.

"Tayari!"

"Naiona," Mbodze akasema.

"Hujageuka!"

"Kaka yangu, hiyo nyumba inaonekana hata kwa kisogo. Ni kichuguu hicho! Hata walio ng'ambo ya mto wanauliza nani amekufa."

Nyati akabomoa, akaanza upya. Safari hii akachimba kishimo kwa ukwato, akapanga majani moja moja kwa midomo. Alipofikia la mwisho akashusha pumzi ya kuchoka, fuuuu! Majani yote yakaruka juu, yakaenda zao.

"Hiyo siioni," Mbodze akasema, "lakini hata wewe huioni."

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili Nyati alibana pumzi mpaka macho yakamtoka kama mayai, akafanikiwa kujenga kuta, vumbi likampanda puani, chafyaaa! Nyati akaokota majani mpaka ukingo wa mto.

"Afya, kaka!"

"Usiniambie afya!"

Siku ya tatu alijenga tatu. "Naiona. Naiona. Ile ya tatu naiona, na imeegemea kama mlevi." Pundamilia walikuja kutazama wakiwa wamekaa mstari mmoja, wakaanza nao kuitikia: "Tunaionaaa!"

Siku ya nne Nyati hakusema neno. Alikuja alfajiri peke yake. Alichimba taratibu. Aliyalainisha majani kwa ulimi, akayalaza jani juu ya jani, likiwa baya analitoa. Dume lile, shingo kama gogo, lilikuwa limepiga magoti, na ncha ya ulimi inachungulia nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipomaliza akarudi nyuma hatua kumi, akatazama, akaanza kutetemeka kwa furaha.

"Mbodze! Mbodze we! Njoo!"

Mbodze akaja na Ruwa. Akatembeza pua kulia, akatembeza pua kushoto. Majani matupu.

"Iko wapi?"

"Haaa! Huioni!"

"Siioni," Mbodze akasema, na alikuwa haioni kwelikweli. Dume lile lilikuwa limejifunza kazi! Akiweza moja ataweza sitini na tatu.

"Sema umeridhika! Sema!"

"Ngoja kwanza Mzee Ndovu naye aje aione. Yaani asiione."

Mzee Ndovu akaitwa. Ngiri akaja na kamba yake. Pundamilia wakakaa mstari wao. Ndovu akainama, akatazama kwa jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto.

"Sioni kitu. Kazi safi, Nyati. Nionyeshe basi ilipo."

"Iko hapa, Mzee." Nyati akaenda hatua mbili. "Hapana, ni pale. Nilikuwa nimesimama karibu na mti huu... au ule. Ngoja. Nilipiga magoti hivi, jua lilikuwa mgongoni..." Akazunguka. Akarudi kinyumenyume. "Najua iko karibu, naihisi, iko hapahapa..."

Pwachaaa!

Nyati akatazama chini. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umezama ndani ya nyumba mpaka kwenye goti.

Pundamilia mmoja akasema taratibu, "Sasa tunaiona."

"Mzee Ndovu," Mbodze akauliza, kwa adabu kama mkwe, "aliyebomoa nyumba, sharti linasemaje?"

"Aijenge upya."

"Kwa hiyo zilikuwa sitini na tatu. Na hii moja?"

"Sitini na nne," Mzee Ndovu akasema.

Jamani, Nyati aliketi chini akalia! Machozi kama maembe. "Siku nne! Siku nne sijalamba hata punje ya chumvi! Ndama wangu wamekonda wakinisubiri, mimi napanga majani! Sitaki tena! Barabara ipite mbinguni, ipite popote, nitoleeni majani haya mbele ya macho yangu!"

Hapo hasira ya Mbodze ikashuka. Hasira za karibu ndizo zilivyo, hazikai mpaka jioni. Akaja akasimama mbele ya pua ile kubwa iliyolowa.

"Kaka Nyati, nani amekukataza chumvi? Mimi sikuikataa barabara. Niliikataa ipite kitandani kwangu. Nyuma ya kichaka kuna korongo kavu, mawe matupu, hakuna jani, hakuna nyumba. Linatoka mtoni, linafika chumvini. Ndama wako watafika kabla jua halijawa kali."

Nyati akavuta kamasi. "Lakini limepinda."

"Na pembe zako zimenyooka?"

Hata Mzee Ndovu alicheka. Wakaenda korongoni siku hiyohiyo. Ngiri akapima, mkia juu, akitaja hatua kwa sauti. Ruwa akaonyesha mahali maji ya mvua hupita, ili barabara isije ikasombwa. Vigingi vikawekwa kuzunguka Chakachaka yote, na kila kimoja Mzee Ndovu akakikanyaga kwa mguu wake, dii! dii! dii! Na kigingi kilichokanyagwa na Ndovu haking'olewi, ndivyo sheria ilivyokuwa.

Watu wakashangilia. Mbodze akachezesha makalio yake ya dhahabu. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, sivyo? Lakini Ngiri akaomba neno.

"Mzee Ndovu, nina ushauri wa kitaalamu. Hawa sange ni wengi mno kwa kichaka kimoja. Sitini na watatu! Mwakani watakuwa mia. Napendekeza kesho thelathini wahamishwe, wapelekwe ng'ambo ya mto wakaanzishe mtaa mpya."

"Wazo zuri!" Mzee Ndovu akapepea masikio. "Tutawatengea msitu mzuri. Mbodze, chagua thelathini, waje hapa asubuhi."

Mbodze akafungua mdomo. Mdomo uliokuwa bibi, bi harusi, mlevi, mwalimu na mjane, safari hii haukutoa kitu. Thelathini! Akatazama juu. Akatazama chini. Akamtazama mumewe.

Ruwa akasogea mbele, akajisafisha koo. Hakuna aliyemkatiza.

"Tuko tisa," akasema.

Mkia wa Ngiri ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, ukalala chini kabisa, na vizee vya bonde vikaapa kwamba havijawahi kuona jambo kama hilo.

"Lakini yule bibi!" Ngiri akalia. "Nilimpa shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu," Mbodze akajibu kwa ile sauti ya kizee. "Koho, koho."

"Na mwenye kugombana na nafsi yake?"

"Huyo ndiye mimi hasa."

Nyati akasimama. "Nimejenga siku nne kwa ajili ya watu wasiokuwepo?"

"Umejifunza siku nne," Mzee Ndovu akamwambia, "na sasa wewe peke yako katika bonde hili, baada ya sange, ndiye unayejua kwa nini pale hapakanyagwi." Kisha akamgeukia Ngiri. "Wewe ulihesabu milango ukaniambia umehesabu watu. Utalipima bonde upya, kichwa kwa kichwa, na kila kichwa ukione kimetoka nje."

Mwisho akamgeukia Mbodze. Mbodze akajikunja mpaka akawa pua tupu.

"Na wewe! Laiti ungengoja siku ile nimalize sentensi moja! Tisa mko chini ya ishirini! Kichaka kingekuwa chenu palepale, asubuhi ileile, kabla umande haujakauka. Bila mbio, bila pumu, bila machozi ya mtu. Kigingi haking'olewi, kichaka ni chenu. Lakini mwaka mzima huna neno barazani."

Mbodze akaruka juu. "Lakini Mzee, mimi nili..."

Ndovu akainua mkonga. "Mwaka mzima."

Barabara ya korongoni ikajengwa, imepinda hivyohivyo, na ndama wakanenepa. Na kila baraza lilipokaa, upande wa sange alisimama Ruwa. Alisema neno moja, akapumzika, akasema la pili, huku mkewe amekaa pembeni amejaa maneno mpaka macho yamemtoka, akipiga mkia chini, pa! pa! pa!

Basi shikeni hili mwende nalo: anayekimbia kabla neno halijaisha, hukitolea jasho kitu alichokwisha kupewa bure.